"Sisteme ilianguka": tunaomba kuona daftari yake

Wandugu, kila mwisho wa mwezi, hapa Lubumbashi, tunasikia neno moja: "Sisteme ilianguka." Masaa ya usiku haiko ku bulletin, mama anabakia na deni ku duka, na hakuna mutu wa kuulizwa.

Sisi tunasema: ile haiko jibu. Duniani, programu nyingi za mushahara na za benki zinaandikwa na Java, lugha ya kompyuta iliyotoka 1995. Programu ikitengenezwa vizuri, haianguki kimya-kimya. Inaandika daftari: saa gani ilisimama, hesabu gani ilikatala. Kuko hata chombo cha Java, Flight Recorder, jina sawa la kisanduku cheusi cha ndege: kinaonyesha kama memori ilijaa, ao kama programu ilikuwa inangojea ingine. Tangu 2018 ni cha bure. Basi makuta haiko sababu.

Mu mine ya chini ya udongo, kama ku Kipushi, hewa inapashwa kupimwa mbele batu bashuke. Hatungojei mutu aanguke ndipo tutafute kipimo. Mashine ya mushahara pia inapashwa kuchungwa vile, mbele ianguke.

Code du travail ya 2002 inalazimisha mwajiri kutupatia karatasi ya hesabu ya mushahara. Tunaomba hatua moja zaidi: hesabu ikikosa, delege wa syndicat aonyeshwe kile daftari iliandika. Mwisho wa mwezi huu, tuiulize pamoja.