Hesabu ya Siku na Riba: Kanuni Ziandikwe Wazi

Katika shule zetu za msingi mada ya kalenda aghalabu hupewa vipindi vichache. Mwalimu hutaja miezi kumi na miwili, wanafunzi hukariri idadi ya siku za kila mwezi, kisha darasa huhamia kwenye mada ya fedha kana kwamba mada hizo mbili hazina undugu. Nje ya darasa haziachani hata kidogo. Mzazi wa Kibosho anayekopa katika chama cha akiba na mikopo ili anunue mbolea ya migomba au alipe ada hulipia siku. Anayezihesabu siku hizo leo, mara nyingi, si karani mwenye daftari bali kompyuta. Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuzifundisha mada hizi pamoja, na kwamba kanuni za tarehe zinazotumiwa na kompyuta za vyama vyetu ziwe wazi kiasi cha mwalimu huyo kuweza kuzisoma na kuzijaribu.

Tuchukue mfano. Mwanachama amekopa shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Amechukua fedha tarehe 15 Machi, naye anarejesha zote tarehe 10 Septemba mwaka huo huo. Riba ya mwaka mzima ingekuwa shilingi 108,000. Je, adaiwe riba ya siku ngapi?

Ukihesabu siku zilizopita hasa, utapata 179. Ukigawanya kwa 365, riba ni shilingi 52,964. Lakini yupo anayegawanya kwa 360, desturi ya kale ya mabenki iliyowarahisishia makarani kazi kabla ya mashine. Huyo atapata shilingi 53,700. Yupo pia anayeufanya kila mwezi kuwa wa siku 30. Kwake yeye muda huo ni miezi mitano na siku 25, yaani siku 175, na riba ni shilingi 52,500. Mwingine ataihesabu siku ya kukopa na siku ya kurejesha, zote mbili, apate siku 180. Akigawanya kwa 360, riba ni shilingi 54,000. Kila mmoja amefuata kanuni yake bila kukosea kuzidisha wala kugawanya, na majibu ni manne.

Tofauti baina ya jibu dogo na jibu kubwa ni shilingi 1,500. Msomaji anaweza kusema kwamba hiyo si hoja ya kugombania. Chama chenye wakopaji 400 wa namna hiyo kitakuwa kimetoza zaidi, au kupoteza, shilingi 600,000, ambazo ni mkopo mzima wa mwanachama mmoja. Na hakuna aliyeiba. Kanuni ilichaguliwa na mtu fulani, mahali fulani, ikaandikwa ndani ya programu, nao waliotia sahihi hawakuambiwa.

Hapa Kilimanjaro tuna sababu ya kuliona jambo hili upesi kuliko wengine. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, nacho sasa ni chuo kikuu. Katika miaka yote hiyo mkulima aliyefikisha kahawa yake chamani aliuona mkono wa mizani. Hata leo mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mwenye mizani mbovu huchukuliwa hatua. Kilo inakaguliwa, siku haikaguliwi. Programu inayopima siku za mkopo imefungwa, na anayetaka kujua inavyopima huambiwa kwamba mashine haikosei.

Mashine hukosea pale mwandishi wake alipokosea, kisha hulirudia kosa kwa uaminifu mkubwa. Programu ya majedwali iitwayo Lotus 1-2-3, iliyotumika sana ofisini katika miaka ya 1980, iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu. Haukuwa mrefu. Excel ilipokuja baadaye ililibakiza kosa hilo makusudi ili mafaili ya zamani yasiharibike, na mpaka leo inaitambua tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo hakuna binadamu aliyepata kuiishi. Mwanafunzi wa darasa la tano aliyefundishwa vema angeliona kosa hilo: mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu, isipokuwa mwaka wa karne, ambao sharti ugawanyike kwa 400. Hivyo mwaka 2000 ulikuwa mrefu, na mwaka 2100 hautakuwa. Walimu wengi huachia kwenye 4 kwa madai kwamba hayo mengine ni ya mbali. Si ya mbali sana. Mtoto mwenye umri wa miaka tisa mwaka 2026 atakuwa na miaka 83 mwaka 2100, na kwa majaliwa ataushuhudia.

Iko dawa, nayo ni maktaba huria ya kukokotoa tarehe. Neno maktaba hapa halina maana ya nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mwandishi wa programu nyingine huyaazima badala ya kuyatunga upya. Huitwa huria kwa sababu maandishi yake yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili, kuyasahihisha na kuwagawia wenzake. Mfano mmoja ni QuantLib, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya hesabu za fedha. Ndani yake mna kanuni kadhaa za kuhesabu siku, kila moja kwa jina lake, pamoja na kalenda za sikukuu za nchi mbalimbali. Mtumiaji hulazimika kutaja ni kanuni ipi anayoitaka. Kulazimishwa huko kutaja ndiko ninakokusifu.

Hata hivyo, maktaba iliyotungwa na watu wa London au New York haitatufaa mpaka sisi wenyewe tuiongezee yaliyo yetu. La kwanza ni sikukuu. Rejesho likiangukia tarehe 7 Julai au 8 Agosti, ofisi zimefungwa. Je, mwanachama alipe siku ya kazi inayotangulia au inayofuata? Na akisogezewa siku, riba iendelee au isimame? Tarehe hizo mbili, pamoja na 12 Januari, 26 Aprili, 14 Oktoba na 9 Desemba, hazihami, hivyo huandikwa mara moja tu. Pasaka huhama, lakini ina kanuni ya hesabu ambayo mashine inaweza kufundishwa. Idi haiandikiki hivyo. Huandama kwa mwezi, na mwezi hauna budi kuonekana. Kwa hiyo jedwali la sikukuu la Tanzania linahitaji mtu wa kulitazama kila mwaka, na hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi peke yao.

La pili ni juma lenyewe. Majina yetu ya siku yanaanza hesabu Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. (Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia, na hivyo juma letu lina siku mbili za tano. Wanafunzi hulifurahia sana jambo hili wakielezwa.) Kompyuta nyingine huanza kuhesabu Jumapili, nyingine Jumatatu. Mtoto anayesikia "tatu" ndani ya Jumatatu, kisha akaona mashine ikiiandika kuwa ya kwanza, anastahili maelezo kabla ya kuambiwa amekosa.

La tatu ni saa. Kwetu siku hupambazuka saa kumi na mbili asubuhi, ila kwa mashine tarehe hugeuka saa sita usiku. Tena mashine nyingi hutunza wakati wa Greenwich, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Mwanachama akirejesha kwa simu saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, mashine isiyoelekezwa vizuri itaandika kuwa amelipa tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mhasibu wa taasisi inayofuata mwaka huo atakuta malipo hayo yamo katika mwaka uliokwisha kufungwa.

Wapo wakufunzi wenzangu wanaosema kwamba hayo ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Sikubaliani nao. Kiini cha maktaba ya namna hii ni mambo ambayo mtoto wa shule ya msingi anayaweza: kuipa kila tarehe namba yake, kutoa namba moja katika nyingine, na kusema waziwazi kama ncha zinahesabiwa au hazihesabiwi. Jambo la mwisho ndilo gumu, na yafaa lifundishwe kwa vitu. Watoto watoke nje, wapange mawe kumi mstari mmoja kama migomba kihambani, kisha wahesabu mawe, halafu wahesabu nafasi zilizo kati ya mawe. Mawe ni kumi, nafasi ni tisa. Riba hulipwa kwa nafasi. Nimeliona darasa zima likinyamaza, kisha likacheka, baada ya kulitambua hilo, ilhali maelezo ya ubaoni ya dakika ishirini yalikuwa yamepita bure.

Baada ya mawe, watengeneze jedwali la siku za mwaka kwa karatasi kubwa, kuanzia 1 hadi 365. Tarehe 15 Machi ni ya 74. Tarehe 10 Septemba ni ya 253. Ukitoa, unapata 179. Katika mwaka mrefu namba zote mbili zitasogea kwa moja, na jibu halitabadilika. Mwache mwanafunzi aligundue hilo mwenyewe. Asiye na jedwali atumie vifundo vya ngumi kujua miezi ya siku 31. Jedwali hilo la karatasi ndilo maktaba ya kwanza ya darasa, nayo ni huria kwa kila hali, maana limebandikwa ukutani na kila mtoto anaweza kulisahihisha.

Kwa upande wa vyuo vyetu, ninapendekeza kazi moja ya vitendo. Wanachuo wa somo la Hisabati na wale wa TEHAMA wakae pamoja, waandike maswali mia moja ya tarehe na fedha pamoja na majibu yaliyokubaliwa, kila swali likitaja kanuni yake. Waandishi wa programu hawawezi kuiamini maktaba yoyote bila majaribio ya namna hiyo, nasi walimu kutunga maswali yenye majibu ya uhakika ndiyo kazi yetu ya kila siku. Maswali hayo yatolewe bure kwa chama chochote cha akiba na mikopo kinachotaka kuipima programu yake. Programu itakayotoa jibu tofauti iulizwe sababu.

Kila mwanachuo aende nayo maswali machache katika mazoezi ya kufundisha. Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa kuwa 3/4 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi; Saba Saba na Nane Nane zinasalimika. Na liwemo swali hili, ambalo hata watungaji wa maktaba hizo hulijibu kwa njia zaidi ya moja: mkopo umetolewa tarehe 31 Januari na unarejeshwa kila baada ya mwezi mmoja. Rejesho la kwanza limeangukia tarehe 28 Februari. Rejesho la pili ni tarehe 28 Machi au 31 Machi? Darasa ligawanyike makundi mawili, kila kundi litetee tarehe yake mbele ya ubao, kisha waamue kanuni na kuiandika ukutani chini ya jedwali.