Mshale Uliposhuka, Tukashangilia

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Kazi ya gazeti ina majuma yake, ukitoka huko huna hamu ya kuandika hata orodha ya sokoni. Leo siandiki siasa, wala siandiki mpira. Leo naandika juu ya geji. Naam, zile za kwenye dashibodi ya gari, zenye mshale na namba.

Chanzo ni kicheko. Wiki iliyopita niliwaambia wenzangu wa chumba cha habari kwamba fedha yangu ya likizo nimenunulia geji tatu za pikapu ya baba. Walicheka! Mmoja akaniuliza kama pikapu yenyewe ina redio. Nikamjibu haina. Akasema, "Sasa wewe unaanza na geji?" Basi makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila mwenye mzee wake kijijini anayeendesha gari la zamani.

Pikapu ya baba ni ya mwaka 1988, ya dizeli, imetengenezwa Japani. Imenizidi umri miaka kumi. Ndiyo iliyonisomesha. Huteremsha kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo, na hupanda na saruji, mabati au chochote kitakacholipa. Waliopita barabara ile wanaijua: ni kilomita 30 na kitu tu, lakini unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Injini iliyobeba mzigo pale inafanya kazi kwelikweli.

Mwezi wa pili mwaka 2022 nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri ajira. Siku hiyo tulipanda na saruji, baba kwenye usukani, mimi pembeni, utingo nyuma juu ya mzigo. Jua lilikuwa kali. Kabla ya kufika Soni mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukavuka nusu. Baba akapunguza mwendo, akawa anatazama kona ya kupaki. Halafu, ghafla, mshale ukaanza kushuka. Ukashuka mpaka chini kabisa, kama gari la asubuhi ambalo halijawashwa. Baba akaniuliza, "Imepoa?" Nikatazama, nikamwambia kwa furaha, "Imepoa baba, twende." Msomi wa familia ndiye aliyesema. Tukaendelea.

Hatukufika mbali. Injini ikaanza kukosa nguvu, ikatoka harufu ya kitu kinachoungua, ikazima yenyewe kwenye mwinuko. Tulipofungua boneti, mpira mmoja wa rejeta ulikuwa umechanika na maji yote yalikuwa yamekwisha. Hedi ilipasuka, pistoni zikakwaruzana na silinda. Pikapu ilikaa miezi mitano chini ya mparachichi. Kiwanja ambacho baba alikuwa akikitunza pale Mombo kikauzwa. Mdogo wangu aliyekuwa chuo cha ualimu akaahirisha muhula. Na baba hajawahi, hata siku moja, kunikumbusha lile neno langu "imepoa". Afadhali angenigombeza.

Sasa tuulizane: kwa nini mshale ulishuka wakati injini inaungua? Jibu nililipata baadaye, na ni rahisi mno. Sensa ya joto haipimi injini, inapima maji yanayoizunguka. Maji yakiwepo, inasema kweli. Maji yakimwagika, sensa inabaki inaning'inia kwenye hewa na mvuke, haiguswi tena na maji ya moto, na mshale unaanguka. Yaani wakati ule hasa unapohitaji kuambiwa ukweli, ndipo unapoambiwa mambo ni shwari. Ukipanda mlima na mzigo halafu mshale ukashuka ghafla bila sababu, usishangilie kama sisi. Zima gari hapo hapo.

Najua mtu atasema: si unaona, geji yenyewe ilikudanganya, unanunua nyingine za nini? Hoja nzuri. Jibu langu ni kwamba geji moja ni shahidi mmoja. Sisi waandishi wa habari tunafundishwa kutochapisha habari nzito kwa kauli ya mtu mmoja, lakini injini ya familia tuliiendesha kwa kauli ya mshale mmoja. Pikapu ile haikuwa na geji ya presha ya oili, ilikuwa na taa tu. Injini inapopata moto kupita kiasi oili huwa nyepesi kama maji, na presha yake hushuka. Shahidi wa pili angekuwepo, angepiga kelele wakati wa kwanza anasema shwari.

Na hiyo taa nyekundu tunayoitegemea, je? Taa ya oili huwashwa na swichi tu, iwake au izime. Katika magari mengi swichi hiyo hushtuka presha inaposhuka mpaka kama pauni 5 kwa inchi ya mraba. Sasa mafundi wana kanuni yao ya zamani: injini iliyopata moto inatakiwa kuwa na walau pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukiwa mizunguko 2,500 mlimani unahitaji 25. Kati ya 25 na 5 kuna safari ndefu ya uharibifu, na taa haisemi kitu njia nzima. Ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, mara nyingi inakupa pole tu, onyo lilishapita. Geji ya namba ingekuonyesha 40 mwezi huu, 35 mwezi ujao, 28 mwezi wa tatu, ukajua kuna kitu kinalika, ukaenda gereji kwa miguu yako.

Tatizo si umaskini wa magari ya zamani tu. Watengenezaji nao wameamua kutuliza nyoyo zetu. Wateja walikuwa wakirudisha magari mazima eti mshale unacheza. Basi geji za joto za magari mengi zikatengenezwa zisimame katikati pale pale hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, zisogee tu mambo yakishaharibika. Kule Marekani Ford walikwenda mbali zaidi: baadhi ya pikapu zao za miaka ya 90 zina geji ya oili yenye mshale mzuri kabisa, lakini nyuma yake kuna swichi ileile ya taa. Presha ikipita pauni chache, mshale unasimama katikati, iwe 10 au iwe 60. Hiyo ni geji au ni picha ya geji?

Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Sisi wenyewe tunapenda kudanganywa. Gari likichemsha, fundi anang'oa themostati na kuitupa, tunamshukuru, kumbe tumeficha ugonjwa. Kuna wauzaji wanaotoa balbu ya taa ya oili ili mnunuzi aone dashibodi safi. Ukitaka kuwagundua, washa swichi bila kupiga stata: taa nyekundu ya oili lazima iwake. Isipowaka, imekufa au imeuawa, na wewe unaendesha gari bubu. Mnunuzi naye, mimi na wewe, anauliza kwanza redio, pili rimu, tatu taa za mapambo. Nani umewahi kumsikia akiuliza presha ya oili?

Nilizungumza na fundi mmoja wa kijijini kwetu, mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mwanangu, geji zinaleta hofu. Dereva mzuri anasikiliza injini." Nimelifikiria neno lake muda mrefu. Ni kweli baba anaisikiliza pikapu ile kuliko anavyonisikiliza mimi. Lakini siku ile masikio yake mazuri hayakusikia chochote mpaka tumechelewa, kwa sababu injini yenye mzigo mlimani inanguruma vilevile ikiwa nzima na ikiwa inakufa. Na kuhusu hofu, mimi naona kuna hofu inayokufanya usimame ungali na gari, na kuna amani inayokupeleka kuuza kiwanja.

Basi nilifanya nini? Nilinunua geji tatu: joto lenye namba, presha ya oili, na volti. Ile ya volti ni ya bei ndogo na ina faida yake. Betri iliyopumzika husoma kama 12.6, na injini ikiwaka na altaneta nzima isome kati ya 13.8 na 14.5. Dizeli za zamani zenye pampu isiyotegemea umeme zina tabia moja mbaya: altaneta ikifa mchana, gari linaendelea kama kawaida, unagundua usiku taa zinapofifia kwenye kona. Msinunue zile za ampea za kizamani, maana hupitisha umeme wote wa kuchaji nyuma ya dashibodi, na waya mmoja ukilegea unaweza kupata moto.

Kwa wanaotaka kujaribu, haya niliyajifunza kwa kukosea. Kwanza, geji na sensa yake ni mume na mke, nunua pamoja, ukichanganya utapata namba za uongo. Hata ukiokota dashibodi ya kiwandani ya toleo la juu kwenye vyuma chakavu, yenye geji tayari, lazima ubadilishe na swichi ya oili kwenye injini uweke sensa, maana swichi haijui kuhesabu.

Pili, angalia uzi. Injini nyingi za Kijapani zina tundu la uzi wa kipimo cha Uingereza, uzi 28 kwa inchi, na geji nyingi za madukani zina uzi wa Marekani, 27. Kwa macho ni sawa kabisa, unaingia mizunguko miwili halafu unakaza. Ukilazimisha unaharibu injini. Tafuta adapta.

Tatu, usitoe taa ukaweka geji. Weka kiungo cha matawi mawili, taa ibaki na geji iwepo. Dereva akiwa anatazama korongo hatazami namba, taa itamshtua. Na kwa oili chagua geji ya umeme badala ya ile yenye kijibomba kinacholeta oili ya moto mpaka ndani, maana kikikatika kinakumwagia miguuni.

Nne, pima geji kabla ya kuiamini. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza sensa, unganisha nyaya, soma. Dar es Salaam maji huchemka nyuzi 100. Mimi nilipimia nyumbani Lushoto nikapata 95, nikataka kuirudisha dukani! Kumbe kwetu, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka karibu na 95. Geji ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyesahau jiografia. Ndani ya rejeta mambo ni mengine, kwa sababu mfuniko wenye presha huzuia maji yasichemke mapema. Ndiyo maana mfuniko mbovu nao unaua injini.

Mwisho, bado natafuta sensa ya nne, ile inayofungwa kwa bolti kwenye chuma chenyewe cha injini na kupiga king'ora. Waaustralia wanaitumia sana. Hiyo haidanganywi na maji kukwisha, kwa sababu inapima chuma.

Gharama zake? Geji zote tatu hazikufika hata robo ya tulichotoa kununua hedi ya mtumba. Na hapo sijataja kiwanja, wala muhula wa mdogo wangu.

Juzi Jumamosi baba alinipigia simu. Nikasikia upepo na magari yakipita. "Nimesimama karibu na Soni," akasema. "Oili imeshuka mpaka 15 na joto limepita 100. Nimezima, nimekaa juu ya jiwe." Walikuta mkanda wa feni umelegea. Wakasubiri injini ipoe, wakaukaza, mshale wa oili ukarudi pale unapokaa siku zote, wakafika nyumbani saa mbili usiku. Mzigo ulichelewa na mwenye mzigo alinuna. Injini ipo.

Kabla hajakata simu nikamuuliza, kwa woga kidogo, "Sasa imepoa baba?" Akacheka. Akasema, "Subiri kwanza nitazame zote tatu."

Kwa hiyo ndugu yangu unayenicheka pale ofisini, redio tutanunua mwakani. Wewe kesho asubuhi washa swichi ya gari lako, usipige stata, tazama kama ile taa nyekundu inawaka. Ukiikosa, tafuta fundi kabla hujatafuta spika.

Naomba kuwasilisha.