Mkufu wa Shaba na Mizani ya Vyuma Chakavu

Kilo moja ya shaba chakavu ina bei yake, na kila kijana wa mkokoteni anaijua. Je, mkufu wa Kikamba uliofumwa kwa shaba ile ile una bei gani? Hapo ndipo mizani inapokwama, na hapo ndipo nitakapo tuzungumze leo, ndugu msomaji.

Sisi watu wa pwani tulilelewa kuiona shaba kuwa kitu cha sinia na birika. Pambo kwetu ni dhahabu, na kwa asiyeiweza dhahabu, fedha. Sonara alituharibu macho. Lakini nilipokuwa chuoni, mwalimu alipotusomesha Suratu Sabaa, alitueleza jinsi Nabii Daudi alivyolainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya na azipime pete zake sawasawa. Hakupewa dhahabu. Alipewa chuma, na sharti la kupima. Miaka mingi baadaye nikaiona tabakero ya mzee mmoja wa Kikamba pale Changamwe, imening'inia kwa mkufu wa shaba mwembamba, pete ndani ya pete, hata jicho lisione zinapoungana. Nikakumbuka chuo.

Waama, ufundi huu si wa jana. Wakamba walikuwa watu wa misafara kabla reli haijaotwa. Kivoi wa Kitui, ambaye Krapf alimfikia mwaka 1849, alikuwa akishusha pembe za ndovu pwani, na miongoni mwa bidhaa zilizopanda bara, pamoja na nguo na ushanga, ilikuwamo masango ya shaba. Chuma walikuwa nacho kwao: wahunzi waliokota mchanga mweusi mitoni baada ya mvua wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Basi sango likifika Ukambani halikubaki sango. Fundi alilitia motoni lilainike, akalivuta katika tundu za chamburo, kwanza kubwa kisha ndogo. Shaba ikivutwa hukakamaa, nawe ukiilazimisha hukatika. Kwa hiyo hurudi motoni, ikatoka, ikavutwa tena, mpaka upatikane udodi. Udodi huo ndio uliokatwa pete moja moja na kufumwa mikufu. Mwingine ulipigiliwa kwa nakshi za duara juu ya viti vya wazee, na viti hivyo leo vimo katika makumbusho za Ulaya. Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake. Shaba yenyewe ilikuwa ya kigeni na wala haikuwa ghali kupita kiasi. Kilichotafutwa na majirani ni mkono.

Na atakayedhani kwamba madini duni hayawezi kubeba heshima, na ashuke Makindu, katika Makueni, kando ya barabara kuu. Pale kuna hekalu la Makalasinga ambapo msafiri wa dini yoyote hulishwa bila malipo. Atazame mikono ya wenyeji wake: kila mmoja ana kikuku cha chuma. Wangeweza kuvaa dhahabu, na wengi wao wanaiweza. Wamechagua chuma.

Sasa tuje kwenye mambo ya leo. Masango hayaji tena kutoka Unguja. Fundi wa bangili wa siku hizi hupata shaba ya manjano kutoka mifereji mibovu na kufuli zilizovunjika, na nyekundu kutoka nyaya kuukuu. Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulizimika karibu nchi nzima baada ya minara ya nyaya kuanguka, na ikasemekana wezi wa vyuma ndio walioihujumu. Siku chache baadaye Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku ile iliondolewa Mei mwaka ule ule kwa masharti makali, juu ya sheria ya 2015 ambayo tayari ilimtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni.

Simtetei mwizi wa nyaya. Anayeiba waya wa hospitali ni mwuaji aliyejificha gizani. Lakini amri ile haikubagua kati ya mwenye kupakia makontena na mwenye kuyeyusha mifereji mitatu nyuma ya nyumba yake. Wote wawili walipimwa kwa kilo, ilhali wa pili hauzi kilo.

Wakati huo huo vibanda vyetu vimejaa mapambo ya ng'ambo yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Rangi ikichubuka huonekana nikeli, na ngozi ya dada zetu huwasha na kuchibuka. Ulaya walipitisha sheria ya kuibana nikeli katika mapambo mwaka 1994. Shaba safi kosa lake ni kuacha kijani mkononi, kinachotoka kwa ndimu. (Fundi naye asijisahau: moshi wa zinki unaotoka shaba ya manjano ikiyeyuka humletea homa usiku ule ule, basi na afanyie kazi penye upepo.)

Nauliza hivi: kwa nini wachongaji walipenya, na wafua shaba wakabaki nyuma? Wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika Changamwe mwaka 1963, na mgeni akiingia pale hukuta bei imeandikwa juu ya kazi. Hakuna anayemuuza twiga wa mpingo kwa bei ya kuni. Wafua shaba wa Kitui na Makueni nao wangefanyiwa vivyo hivyo na serikali za kaunti zao: chama kimoja, leseni moja kwa jina la chama, na ghala la kununulia shaba iliyokaguliwa. Fundi wa Mwingi au wa Kibwezi angechukua kilo zake mbili kwa risiti, na askari akibisha hodi kuuliza shaba hii imetoka wapi, risiti iko ukutani.