Umegongwa na bodaboda: kwa nini usiyamalize barabarani

Umegongwa na bodaboda ukivuka barabara. Goti linauma, lakini unasimama. Dereva anaomba msamaha na kukupa hela kidogo ya dawa. Waliozunguka wanasema yaishe. Mnaandikiana karatasi, kila mtu anashika njia yake. Wiki mbili baadaye unaambiwa goti limeumia ndani na linahitaji upasuaji. Nani atalipa?

Nchini Tanzania sheria ina jibu. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, chombo cha moto, pikipiki ikiwemo, hakiruhusiwi kutembea barabarani bila bima, angalau ile ndogo. Wengi huiona kama stika ya kumwonyesha trafiki. Kumbe imewekwa kwa ajili yako wewe mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli au abiria wa daladala. Bima ndogo hailipi gari la aliyekugonga. Inalipa madhara aliyokusababishia.

Kwa nini basi majeruhi wengi hawafaidiki nayo?

Kwanza, wanapatana kabla ya kujua wameumia kiasi gani. Aliyegonga kichwa anaweza kujisikia mzima huku damu ikivuja taratibu ndani ya fuvu, na dalili zikaja siku au hata wiki kadhaa baadaye.

Pili, wanadhani kesi ya trafiki ndiyo kesi yao. Dereva akitozwa faini, pesa inakwenda serikalini. Fidia ni dai la pembeni unalolifungua wewe dhidi ya dereva, mmiliki wa chombo na bima yake. Hukumu ya kumtia dereva hatiani inaweza kukusaidia kama ushahidi, lakini haikulipi.

Tatu, wanategemea bima ya afya pekee. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumfikishia kila mtu matibabu. Hiyo ni hatua kubwa, lakini bima ya afya hailipi miezi uliyokaa bila kazi wala ulemavu utakaobaki nao. Hayo ni ya fidia.

Ufanye nini?

- Matibabu kwanza. Hali ikiwa mbaya, nenda hospitali moja kwa moja. Ndugu afuatilie PF3 polisi. Hakikisha daktari ameijaza, nawe ubaki na nakala.
- Mwambie daktari kila mahali panapouma, hata kidogo. Lisiloandikwa kwenye faili ni vigumu kulithibitisha baadaye.
- Rudi hospitali haraka kichwa kikizidi kuuma, ukitapika, ukisinzia kupita kawaida au ukichanganyikiwa.
- Andika namba ya chombo na majina ya mashahidi. Kwa namba hiyo unaweza kuhakiki bima kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).
- Tunza stakabadhi zote: dawa, vipimo, nauli za kliniki.
- Usisaini karatasi inayosema huna madai tena kabla daktari hajakuambia hali yako ikoje.

Kama chombo hakikuwa na bima, haki yako haijafa. Dereva bado anawajibika, na mmiliki pia ikiwa dereva alikuwa kwenye kazi yake. Ugumu ni kwamba huenda hawana cha kukulipa. Na kama nawe ulichangia, mfano ulivuka bila kuangalia, fidia inaweza kupunguzwa.

Muda nao una mwisho: kwa kawaida dai la namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Huna uwezo wa kumlipa wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma wanaosaidia bila malipo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii iliyo karibu nawe, na uende na faili lako la hospitali.