Gala haitalipa deni la Vita ya Siku Sita

Ndugu vijana wa Boyoma, wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani, na ninyi wa ng'ambo kule Lubunga,

Kila mwaka tarehe 5 Juni ikikaribia, kuna wazo linarudi katika masolo yetu: tufanye gala kubwa kwa ajili ya wahanga wa Vita ya Siku Sita. Wanamuziki watoke Kinshasa, televisheni irushe moja kwa moja, wakubwa wa Leta wakae mbele, na kama inawezekana hata mfalme fulani aalikwe. Kiisha feza zikusanywe. Wanaoleta wazo hili ni wenzetu, wako na moyo mzuri. Lakini sisi tunasema hapana, na ni lazima tueleze, maana mtu akikataa msaada bila kueleza watu wanamuona mwenye kiburi.

Kwanza tuangalie mambo haya ya gala na wafalme yanafanyaje kazi. Waingereza wako nayo tangu 1912, inaitwa Royal Variety Performance. Waimbaji, wachekeshaji na wacheza dansi wanapanda jukwaani usiku mmoja, mtu wa ukoo wa kifalme anakaa kuangalia, televisheni inaonyesha, na mapato yanasaidia wasanii waliozeeka au kuanguka katika shida. Kuna hata nyumba yao ya kuzeekea kule Twickenham, inaitwa Brinsworth House. Ukiuliza feza zimeenda wapi, unaonyeshwa mlango. Mwaka 1963 Beatles walipiga pale mbele ya mama wa malkia, na John Lennon akawatania matajiri: wa viti vya bei ndogo wapige makofi, wengine watingishe tu vito vyao. Watu wakacheka, muziki ukaendelea. Hapa kwetu msanii angetupa kwanza libanga, ataje jina la mheshimiwa mara kumi, njo aanze kuimba.

Gala ya namna hiyo hatuna neno nayo. Wasanii wanachangia wazee wao, na mambo yanaishia hapo. Hakuna kesi ndani yake, hakuna aliyewapiga mabomu wazee wale.

Sasa tuchukue nyingine. Tarehe 13 Julai 1985, London na Philadelphia kwa wakati mmoja, ilifanyika Live Aid kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Prince Charles na Princess Diana walikuwa uwanjani Wembley. Dunia nzima iliangalia, feza mingi sana zikatoka, zikanunua chakula na dawa na malori. Kuna watu waliopona kwa sababu ya siku ile, na hatutawacheka waliochangia. Lakini mtu aliyeangalia kutoka asubuhi mpaka usiku angeamini kwamba njaa ile ililetwa na jua tu. Kumbe kaskazini mwa Ethiopia kulikuwa na vita. Serikali ya Mengistu ilikuwa inapigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na ilikuwa inahamisha watu kwa nguvu kwenda kusini. Madaktari wa MSF wa Ufaransa waliposema wazi juu ya uhamisho ule, walifukuzwa nchini Desemba 1985. Jukwaa lilikuwa na nafasi ya gitaa na ya mtoto mwenye njaa. Nafasi ya kuuliza nani amefanya hivi haikuwepo. Na wasanii Waafrika wenyewe karibu hawakuonekana.

Turudi nyumbani. Kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda walipigana ndani ya mji wetu, juu ya vichwa vyetu. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa wanapita 1.000. Wengi wetu tulizaliwa karibu na mwaka ule. Tumekua pamoja na watu wanaotembea na vipande vya chuma mwilini.

Tofauti yetu na gala iko hapa: shida yetu iko na hukumu. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Ndani yake milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, wa Kisangani na wa sehemu zingine kama Ituri. Malipo ni mafungu matano ya milioni 65, moja kila mwaka, na fungu la kwanza lilitoka Septemba 2022. Mfuko wa kugawa, FRIVAO, uko hapa hapa mjini. Na Septemba 2025, waziri wa zamani wa sheria alihukumiwa miaka 3 ya kazi za lazima kuhusu milioni 19 hivi za dola zilizotoka katika mfuko huo, kwa jina la kujenga gereza Kisangani.

Basi, hapo gala inakuja kufanya nini? Kinachotukosa si huruma ya watu wa televisheni. Mtu anayedai akipandishwa jukwaani kuombewa sadaka, kesho yake anaitwa mhitaji, na mhitaji haulizi hesabu, anasema asante. Tena wale wanaopaswa kujibu maswali watapewa viti vya mbele na makofi. Na kuhusu Rwanda? Korti ile ile ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kusikiliza kesi ya Kongo juu ya Rwanda. Nusu ya bunduki za Juni 2000 hazijahukumiwa mpaka leo. Ni mdhamini gani wa gala atakubali hilo lisemwe mbele ya kamera?

Tunajua mtatuuliza: mama mwenye kipande cha bomu mguuni, atakula hukumu? Swali ni la kweli. Hawezi kungoja La Haye ili anunue dawa. Kwa hiyo tusaidiane, kama majirani walivyofanya zaidi ya miaka 25 kwa likelemba na michango ya avenue, bila kamera na bila bango. Na sisi vijana tuko na kitu cha kutoa. Tuko na diplome na hatuna kazi, maana yake tuko na muda. Waliosoma sheria wawasaidie wazee kutengeneza dosie. Waliosoma uchumi wasome hesabu. Wengine wapite nyumba kwa nyumba kuona nani amesahaulika na nani ameandikwa bila kuumia.

Tunadai mambo matatu. Orodha ya wahanga ibandikwe katika kila komini, wazi, watu waisome na waipinge kama kuna uongo. Kila miezi mitatu tuambiwe ngapi imeingia, ngapi imetoka, ngapi imebaki. Na feza ya mhanga isijenge kitu kingine chochote, hata kama kitu hicho ni kizuri.

Siku mhanga wa mwisho atakapolipwa, tutafanya muziki sisi wenyewe. Hatutaalika mfalme. Viti vya mbele vitakuwa vya wale mama na papa, na wakubwa, wakipenda kuja, watasimama nyuma na sisi.

Tuko pamoja.