PETE YA NDEGE SI UCHAWI



Leo nasema jambo ambalo si kila mtu atalipenda. Ukimwona ndege mwenye pete ya chuma mguuni, iwe kando ya bwawa la Kamburu au kwenye shamba lako la mtama, usimpige jiwe. Usiseme ametumwa. Soma pete kwanza.

Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete zenye namba ili ajue wanakokwenda. Ndege wengi wa baharini huvishwa wakiwa makinda, kabla hawajaruka, kwa sababu hapo mahali walipozaliwa na umri wao vinajulikana bila kubahatisha. Mwaka 1982 kinda mmoja alivishwa pete visiwa vya Farne, Uingereza. Oktoba mwaka huohuo alikutwa Melbourne, Australia! Hapa kwetu, pale Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamiaji wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba.

Miaka michache iliyopita, ndege mla samaki aliyechoka sana aliokotwa Siaya. Pete yake ilionyesha ametoka Finland. Walioisoma walijua ni msafiri aliyeishiwa nguvu. Lakini Misri, mwaka 2013, korongo aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari alizuiliwa akidhaniwa ni jasusi. Tofauti iko wapi? Mmoja alisomwa, mwingine aliogopwa.

Mtu wa Mungu, sikatai kwamba kuna nguvu za giza. Ninachokataa ni kukemea kitu ambacho hujakiangalia. Woga unaoanza kwa ndege hauishii kwa ndege. Kesho utamfikia yule nyanya anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Damu yake itadaiwa mikononi mwa nani?

Utaniambia, "Pastor, ndege wanamaliza mtama wetu, na wewe unahubiri pete?" Najua uchungu wa kuamka alfajiri kufukuza ndege. Linda shamba lako. Lakini huyo mwenye pete ni barua iliyoandikwa mguuni. Ukiichana, hakuna atakayejua ilitoka wapi.

Soma Yeremia 8:7. Nabii anasema korongo anajua majira yake, ila watu wa Bwana hawajui hukumu yake. Ndege anatuaibisha! Naye Yesu, katika Mathayo 10:29, anafundisha kwamba hata shomoro haanguki bila Baba kujua.

Basi fanya hivi: piga picha, andika namba na mahali, mwache aende zake akiwa mzima, usimvue pete. Kisha peleka habari kwa maafisa wa KWS au Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Na watoto wako wafundishe hivyo hivyo.

Mungu hakutupa roho ya woga. Kama unakubali, andika AMINA, umtumie na jirani.