Mashine Ni Nzima, Windows Ndiyo Imeikataa

TUSEME WAZI
Na Baraka wa Mudzipela

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wetu hapa Bunia wamepata kazi mpya: kupiga Windows 11 kwenye kompyuta ambazo kampuni yenyewe imezikataa. Mteja analeta HP EliteBook 840 G3, skrini safi, betri bado inashika chaji. Anaambiwa apite jioni. Jioni anakuta Windows 11 inang'aa, analipa, anashukuru. Hakuna anayemweleza alichouziwa.

Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0. EliteBook hiyo ni ya 2016, prosesa yake ni kizazi cha sita. Fundi anatengeneza flashi inayoruka ukaguzi, mfumo unaingia. Ila Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine iliyoingizwa hivyo itaendelea kupokea masasisho ya usalama. Kwa prosesa ya zamani zaidi, Core 2 Duo, hata ujanja huo umegonga mwamba: toleo la 24H2 la Windows 11 linatumia amri ambazo prosesa hiyo haizijui, kwa hiyo haliwaki kabisa.

Ufundi siulaumu. Naulaumu ukimya, na ukimya unaanza kwa muuzaji. Mashine za mitumba zinatufikia kutoka Kampala, kwa njia ya Mahagi au kwa mtumbwi hadi Kasenyi, na dukani zote zinaitwa "Core i5", kana kwamba i5 zote zilizaliwa siku moja. Kabla hujatoa dola, mwambie muuzaji awashe mashine akuonyeshe jina kamili la prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-8250U ni kizazi cha nane, hiyo Windows 11 inaipokea. i5-10210U ni cha kumi, usiihesabu kuwa cha kwanza. (Kibodi ni habari nyingine: sisi tuliosoma kwa AZERTY tunauziwa QWERTY za Waingereza. Hiyo inabadilishwa kwenye mipangilio, ukubali tu herufi zilizochorwa zikudanganye.)

Na aliyekwisha nunua? Maoni yangu ni kwamba aweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na aache kuikimbilia Microsoft. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386, na msaada kwa prosesa hiyo uliondolewa toleo la 3.8 lilipotoka 2013. Miaka zaidi ya ishirini! EliteBook ya 2016 ikiwa na Linux Mint na RAM ya giga 8 inaandika, inapiga hesabu, inafungua intaneti bila kulalamika.

Wanaosema Linux haina taabu, hata hivyo, hawajawahi kufungua sekretaria ya kuchapa na kutoa fotokopi. Chukua printa ya HP LaserJet P1102, iliyozagaa kila mahali. Linux inaitambua, lakini haichapi hata ukurasa mmoja mpaka upakue kipande cha ziada cha HP, tena cha toleo linalolingana na programu yake. Kadi za Wi-Fi za Broadcom nazo zina kituko chao: dereva inatoka kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hiyo inayosubiri dereva. Dawa ni kuunganisha simu kwa waya wa USB, ukatumia bando lake mpaka Wi-Fi iamke. Anayejua hayo anamaliza mapema. Asiyejua anarudisha Windows ya wizi na kutangaza kwamba Linux ni mbaya.

Kwa hiyo mwenye sekretaria abaki na mashine moja ya Windows kwa ajili ya printa, nyingine azihamishe. Wanafunzi wana kikwazo kingine kabisa: memuari, yaani kazi ya kuhitimu, iliyoandikwa kwenye Linux kwa LibreOffice ikifunguliwa kwa Word, majedwali yanahama na kurasa zinaongezeka, na anayelipia uchapishaji ni mwanafunzi. Hapo vyuo vyetu vingeweza kusaidia bila kungoja bajeti wala Kinshasa: nakala ya mwisho ipokelewe kwa PDF, ambayo haiulizi imeandikwa kwa mashine gani.